Miaka kumi ya mshahara bila shahada: kisa cha mdogo wangu, mhandisi wa programu

Mwaka 2020 mdogo wangu aliajiriwa na kampuni ambayo haikumuuliza hata siku moja kama ana shahada. Tangazo la kazi halikuitaja, waliomhoji hawakuigusa, na fomu ya ajira haikuwa na nafasi ya kuiandika. Hata hivyo kampuni hiyo ilimlipa mshahara wa mtu asiye na shahada. Jinsi hilo lilivyotokea ndiyo sababu ya mimi kuandika kisa hiki. Vijana wengi wanaojifunza programu nje ya chuo huambiwa kwamba siku hizi karatasi haiulizwi, nao wanaamini kuwa isipoulizwa basi kuikosa hakuna gharama. Gharama ipo, na mimi nimeiona ikiandikwa mwezi baada ya mwezi.

Mimi ni mhasibu. Ritani zake za kodi za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, namjazia mimi tangu alipopata PIN, yaani namba ya mlipakodi, barua zake za ajira ziko kwenye faili moja nyumbani kwangu, na amenipa ruhusa nizitumie mradi nisitaje majina ya watu wala ya kampuni. Hesabu nitakazotoa ni za mwezi, kabla ya makato, isipokuwa pale nitakaposema vingine.

Pa kuanzia

Alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2013 akapata C+. Alama hiyo ndiyo ya chini kabisa ya kuingia chuo kikuu Kenya. Miaka michache baadaye wote walioipata walianza kupangiwa nafasi, lakini wakati wake nafasi za kudhaminiwa na serikali ziliwaishia wenye alama za juu zaidi. Waliobaki walijilipia kwa mpango uliojulikana kama parallel, na baba yetu alikuwa tayari anasomesha wengine wawili. Akaenda kukaa kwenye saiba ya jirani, Mombasa, mchana akiwachapishia watu barua na kuwajazia fomu, usiku akijifundisha PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, kwa kompyuta zilezile baada ya wateja kuondoka.

Mwaka 2015 kampuni ndogo ya kutengeneza tovuti ikamchukua kwa Sh15,000. Kuhusu mwaka huo sina mengi ya kusema. Alitengeneza tovuti za hoteli na za shule, alilipwa kwa kuchelewa, akapata kazi chache za kuonyesha alipokwenda kutafuta Nairobi.

Nairobi alifika 2016, akaajiriwa na kampuni iliyotengeneza mifumo ya malipo kwa wafanyabiashara. Barua ya ajira, ambayo bado ninayo, imeambatishwa jedwali la mishahara. Wenye cheti na stashahada wako kundi moja, wenye shahada kundi linalofuata juu yake. Yeye alianza na Sh35,000. Mwezi uleule aliingia kijana mwingine aliyetoka chuo kikuu, akapewa meza ya pili yake, na kijana huyo alianza na Sh60,000. Wakawa marafiki, na hivyo ndivyo tulivyojua.

Wote wawili walipewa kazi moja: kuunganisha mifumo ya wateja na M-Pesa. Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu kazi hii ndiyo iliyokuja kumtoa. Mtu anayelipa dukani kwa simu huona ujumbe mmoja tu. Nyuma ya ujumbe huo mfumo wa duka husubiri taarifa kutoka Safaricom kwamba pesa zimepokelewa, na taarifa hiyo inaweza kuchelewa, inaweza kupotea njiani, inaweza hata kufika mara mbili. Mfumo usiojua kutambua taarifa iliyorudiwa utaandika malipo mawili mahali palipo na moja. Mfumo usiojua kusubiri utamwambia mteja hajalipa, naye atalipa tena. Kabla Safaricom haijafungua Daraja, mfumo wake wa kuwaunganisha watengenezaji wa programu na M-Pesa, mwaka 2017, kuunganisha kulikuwa kugumu kuliko sasa, na makosa ya namna hii yaligunduliwa jioni, wakati wa kulinganisha vitabu.

Alinipigia simu usiku mmoja akiniuliza kwa nini jumla ya mfumo haikubaliani na taarifa ya benki. Nilimweleza jambo ambalo kila mhasibu hulijua mwezi wa kwanza: usiandike pesa zilizoingia bila kuandika zimetoka wapi. Kila shilingi ina upande wa debiti na upande wa krediti, na siku pande hizo mbili zisipolingana, kuna kitu kimeandikwa mara mbili au hakijaandikwa. Akaujenga mfumo wao upya kwa msingi huo. Kila muamala ukapewa namba ya kipekee, na taarifa yoyote iliyorudi na namba iliyokwisha kuandikwa ikawa haihesabiwi tena. Kufikia 2018 yeye ndiye aliyeitwa malipo yanapokwama, na yule mwenzake wa meza ya pili alikuwa akija kwake kuuliza.

Sasa tazama mishahara. Kampuni ilitoa nyongeza ya asilimia 10 kila mwaka kwa waliofanya vizuri, na wote wawili walifanya vizuri. Mdogo wangu akatoka 35,000 mwaka 2016 kwenda 38,500, kisha 42,350, kisha 46,585 mwaka 2019. Mwenzake akatoka 60,000 kwenda 66,000, kisha 72,600, kisha 79,860. Mwaka wa kwanza walipishana kwa Sh25,000. Mwaka wa nne walipishana kwa Sh33,275. Ukijumlisha miaka yote minne, mwenzake alipokea Sh1,392,300 zaidi kwa kazi iliyofanywa kwenye meza zinazogusana.

Simlaumu kijana yule hata kidogo. Yeye alikaa darasani miaka minne bila mshahara, na familia yake ilijinyima. Ninachosema ni kwamba asilimia ni kitu cha hatari kwa mtu aliyeanza chini. Watu husikia "wote tumepewa kumi" wakadhani ni usawa. Asilimia haifuti pengo la mwanzo, bali hulibeba na kulikuza. Mtu angehitaji kupewa asilimia mara mbili ya mwenzake, mwaka baada ya mwaka, ndipo amkaribie, na sijaona kampuni inayofanya hivyo kwa hiari yake.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Niliifikiria sana ibara hiyo wakati ule. Lakini mwajiri ana jibu rahisi, kwamba sifa za masomo ni sababu halali ya kutofautisha, na kijana wa miaka 23 aliye peke yake Nairobi haendi mahakamani kwa sababu ya jedwali.

Swali moja mwaka 2020

Nimerudi sasa pale nilipoanzia. Mapema mwaka 2020, kabla ya korona kufunga ofisi, alihojiwa na kampuni nyingine ya Nairobi. Walimpa mtihani wa kuandika programu, akaufanya vizuri kuliko wenzake. Walimweleza tatizo lao la malipo, naye akalitambua kabla hawajamaliza kulieleza, kwa kuwa lilikuwa lilelile la taarifa zinazorudiwa. Wakampenda. Halafu afisa wa rasilimali watu akamuuliza, kwa upole, "Kwa sasa unalipwa ngapi?" Akaombwa alete hati za mshahara za miezi mitatu.

Akasema 46,585. Wakampa 65,000. Ongezeko la karibu asilimia 40! Nyumbani tulishangilia, na mama alifanya pilau.

Mwaka uliofuata aliwekwa kwenye jopo la kuhoji waombaji wapya, na hapo akaiona karatasi ya bajeti. Nafasi yake mwenyewe, ileile aliyoajiriwa kuishika, ilikuwa imetengewa kati ya Sh90,000 na Sh130,000 tangu mwanzo. Kampuni haikuwa na jedwali la wenye shahada na wasio nayo. Ilikuwa na desturi tu ya kuchukua mshahara wa zamani na kuongeza kiasi cha kumfurahisha mtu. Kwa hiyo lile jedwali la 2016, la kampuni nyingine kabisa, lilimfuata ndani ya hati za mshahara na kumpangia bei mahali ambapo hakuna aliyejali alisomea wapi. Mwenzake wa zamani, mwenye 79,860, kwa desturi hiyohiyo angepata zaidi ya 110,000.

Hili ndilo ninalotaka kila kijana asiye na shahada alielewe. Karatasi unaulizwa mara moja, pengine kwenye ajira ya kwanza tu. Baada ya hapo jibu lake linaishi ndani ya namba, na namba hiyo inaulizwa kila mahali.

Kuna nchi zilizoliona hilo zikalitungia sheria, ingawa sababu yao ya kwanza ilikuwa wanawake, ambao pengo lao la mwanzo huwafuata kwa njia hii hii. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipitisha mwaka 2016 sheria ya kuwazuia waajiri kuuliza mshahara wa zamani kabla ya kumpa mtu ofa. California ilifanya hivyo kuanzia Januari 2018, na ikaongeza kwamba mwombaji akitaka kujua kiwango cha chini na cha juu cha nafasi, lazima aambiwe. Umoja wa Ulaya ulipitisha maagizo yake mwaka 2023, yanayozizuia kampuni kuuliza historia ya mshahara, na nchi wanachama zilipewa hadi Juni 2026 kuyaingiza katika sheria zao. Kwetu mwajiri huuliza bila wasiwasi, na mwombaji hujibu kana kwamba yuko mbele ya hakimu.

Dola

Mwaka 2021 alipata nyongeza ya asilimia 10, akafika 71,500. Wakati huo soko la Nairobi lilikuwa linabadilika. Microsoft ilikuwa imefungua kituo chake cha uhandisi mwaka 2019, na Google ilitangaza kituo chake Aprili 2022. Wahandisi wazoefu walihamia huko, nao wengine, kwa kuwa korona ilikuwa imewafundisha waajiri wa ng'ambo kwamba mtu anaweza kufanya kazi akiwa popote, wakaajiriwa na kampuni za Ulaya na Marekani bila kutoka nyumbani. Kampuni za hapa zilibaki zikilalamika kwamba haziwezi kushindana.

Mwisho wa 2021 aliomba kazi katika kampuni ya California inayoshughulikia malipo ya biashara ndogo katika nchi kadhaa. Kabla ya mazungumzo ya pesa alinipigia.

"Dada, nataka niseme dola 1,200. Hiyo ni karibu mara mbili ya ninayopata."

"Usiseme kitu. Waulize wao wametenga kati ya ngapi na ngapi."

"Na wakiniuliza nalipwa ngapi?"

"Waambie unajadili kazi yao, si kazi uliyo nayo."

Hawakumuuliza. Alipowauliza yeye, walimjibu bila kusita: kati ya dola 2,400 na 3,200 kwa mwezi, kulingana na uzoefu. Sheria ya California haimlindi mkandarasi, yaani mtu anayefanya kazi kwa mkataba bila kuwa mwajiriwa, aliyeko Nairobi, lakini watu waliozoea kutoa viwango kwao huvitoa hata wasipolazimika. Akapewa 2,500.

Januari 2022 dola moja ilikuwa kama Sh113. Mshahara ukawa Sh282,500, karibu mara nne ya aliyokuwa nayo mwezi uliotangulia. Mtu yuleyule, ujuzi uleule, meza ileile ya jikoni. Kilichobadilika ni kwamba kwa mara ya kwanza bei yake ilipangwa na mtu aliyeangalia kazi badala ya hati ya mshahara wa jana. Nyongeza zote za asilimia 10, miaka minne kati ya sita, zilikuwa zimemletea chini ya Sh20,000 kwa jumla. Kuhama mara tatu ndiko kulikoleta zilizobaki.

Lakini sitaki mtu asome mstari huo akimbilie kuacha kazi. Kuna hesabu mbili ambazo hazionekani kwenye ofa.

Ya kwanza ni kodi na kinga. Akiwa mfanyakazi, mwajiri alimkata PAYE (kodi ya mshahara), akampelekea michango ya NSSF (akiba ya uzeeni) na NHIF (bima ya afya), akampa likizo ya siku 21 na bima ya hospitali. Akiwa mkandarasi, hayo yote ni yake. Mwaka 2022 dola zake 30,000, nilipozibadilisha kwa wastani wa Sh118, zilikuwa Sh3,540,000. Kodi yake baada ya nafuu ya mtu binafsi ilifika Sh970,600, na hiyo hailipwi mwisho wa mwaka mara moja. Inalipwa kwa awamu, tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Nimewaona vijana wenye mishahara ya dola wakipokea barua za KRA zenye adhabu na riba za miaka mitatu, kwa sababu walidhani pesa zinazotoka nje hazionekani. Mdogo wangu kila dola ikiingia huweka robo na ushee kwenye akaunti nyingine, kabla hata ya kodi ya nyumba. Sasa ameongezewa tozo ya serikali ya kujenga nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, na bima ya afya ya SHIF ya asilimia 2.75, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Hesabu ya pili ilimdanganya yeye na ilikaribia kunidanganya mimi. Shilingi ilianza kuanguka. Mwisho wa 2022 dola ilikuwa karibu Sh123, mwisho wa 2023 karibu Sh156, na Januari 2024 ikagusa Sh160. Mshahara wake, bila mtu yeyote kumwongezea senti, ulipanda kutoka 282,500 hadi 400,000. Alihamia nyumba ya bei ya juu zaidi. Alijiona amepandishwa cheo.

Kisha mambo yakageuka. Hofu kubwa ya soko ilikuwa deni la Eurobond, yaani hati za mkopo ambazo serikali iliwauzia wawekezaji wa nje, la dola bilioni 2 lililopaswa kulipwa Juni 2024. Februari serikali ikauza Eurobond mpya ya dola bilioni 1.5, kwa riba ya asilimia 9.75, ili inunue sehemu kubwa ya ile ya zamani. Hofu ikapungua, shilingi ikapanda kwa kasi, na kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa inazunguka Sh129. Zile 400,000 zikawa 322,500 ndani ya miezi michache, na kodi ya nyumba haikushuka.

Nilimkalisha nikamwonyesha jedwali la dola peke yake. Januari 2022, dola 2,500. Juni 2024, dola 2,500. Bei nchini Marekani zilikuwa zimepanda kwa asilimia 8 mwaka 2022 na zaidi ya asilimia 4 mwaka 2023, kwa hiyo kwa macho ya anayemlipa alikuwa anazidi kuwa rahisi kila mwaka. Alikuwa hajaomba nyongeza kwa sababu shilingi ilimpa hisia kwamba anaipata.

Akaandika ombi. Hakuandika maisha ni magumu, wala hakutaja ada za watoto wa ndugu, ingawa analipa. Aliorodhesha mambo matatu aliyoyasimamia: kulinganisha miamala ya nchi mbili mpya, kupunguza malipo yanayokwama usiku, na wahandisi wawili aliowafundisha. Akauliza kiwango cha ngazi inayofuata ni ngapi. Julai 2024 wakampandisha ngazi, dola 3,400. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 36. Kwa shilingi, ukilinganisha na Januari, ilionekana kama chini ya 10: kutoka 400,000 hadi 438,600. Anayelipwa kwa sarafu moja na kula kwa nyingine lazima aweke vitabu viwili, la sivyo atasherehekea asipopata na kunung'unika anapopata.

Milango inayoulizia karatasi

Kutoka 15,000 hadi 438,600 ni mara 29 katika miaka isiyofika kumi. Wapo watakaosema basi shahada ni ya nini. Ningependa watu hao waangalie milango mitatu aliyoijaribu au aliyoifikiria tangu wakati huo.

Mwanzoni mwa 2025 benki moja ilimtafuta yenyewe kwa nafasi ya kusimamia mifumo ya malipo. Mkuu wa teknolojia alimtaka. Mahojiano yote yakaenda vizuri. Faili ilipofika ofisi ya wafanyakazi ikarudi, kwa sababu ngazi ile, kwa kanuni zao, haikaliwi na mtu asiye na shahada. Wakampa ngazi mbili chini, kwa mshahara ambao ungemrudisha nyuma. Akakataa. Serikalini hali ni hiyo hiyo, kwani nafasi za maafisa wa TEHAMA huanza na shahada na kupanda kwa shahada. Hata sekta nzima ilikaribia kuwekewa utaratibu wa namna hiyo. Mswada wa kuwasajili wataalamu wa TEHAMA na kuwapa leseni ulirudishwa bungeni mara kadhaa, mwaka 2022 ukapitishwa, na Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia sahihi. Mdogo wangu aliufuatilia mswada ule kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Mlango wa pili ni Marekani. Visa ya kazi ya H-1B inadai shahada inayohusiana na kazi, au kitu kinacholingana nayo. Kinacholingana hukokotolewa hivi: miaka mitatu ya uzoefu wa kitaalamu huhesabiwa kama mwaka mmoja wa chuo. Shahada ya miaka minne, basi, ni miaka 12 ya kazi, yenye barua za waajiri wanaothibitisha alichofanya. Yeye alianza 2015, kwa hiyo atafikisha 2027, iwapo kampuni ile ya tovuti ya Mombasa bado ipo kumwandikia barua. Baada ya hapo kuna bahati nasibu ya nafasi 85,000 kwa dunia nzima, na Septemba 2025 ikaongezwa ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya Marekani. Mwenzake wa meza ya pili angeweza kuingia kwenye bahati nasibu hiyo tangu 2016.

Wa tatu ni Ujerumani, na huu ndio ulionishangaza. Tangu Novemba 2023 mtaalamu wa TEHAMA anaweza kupata Kadi ya Bluu ya Ulaya, kibali cha kuishi na kufanya kazi huko, bila shahada yoyote, mradi ana uzoefu wa angalau miaka mitatu ndani ya saba iliyopita, wa kiwango kinacholingana na cha aliyesoma chuo, na ofa ya kazi inayofikia mshahara wa chini uliowekwa. Mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa yuro 43,759.80 kwa mwaka. Hicho ni cha chini kabisa kinachoruhusiwa, na tayari kinazidi dola zake 40,800. Kodi na michango ya Ujerumani ni mizito, na kodi ya nyumba Berlin si ya Nairobi, kwa hiyo mfukoni huenda asione tofauti kubwa mwaka wa kwanza. Lakini angekuwa mwajiriwa tena, mwenye likizo na bima, na bei yake ya mwanzo huko ingewekwa na sheria.

Kwa hiyo tulipokaa kujadili kama arudi shule, sikumshauri kwa hoja ya mshahara anaoupata sasa. Kampuni ya California haitamwongezea hata dola moja kwa sababu ya shahada. Nilimwambia hesabu ni ya milango. Ana miaka 30, na kazi ya mkataba inaweza kukatwa kwa barua pepe moja. Wafanyakazi 11,000 wa Meta na 12,000 wa Google waliopunguzwa kati ya Novemba 2022 na Januari 2023 walikuwa na vyeti vikubwa kuliko chochote tulicho nacho nyumbani. Siku atakapotafuta kazi hapa nchini, benki na mashirika makubwa yatakuwa baadhi ya wachache wanaoweza kulipa kiwango chake, na hayo ndiyo yanayouliza.

Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake Agosti 2023, kinafundisha kwa mtandao, na C+ yake ya 2013 inatosha kuingilia. Yeye alitaka sayansi ya data. Mimi nilisema achague chochote kinachokaribiana na kazi yake, kwa maana afisa wa uhamiaji na afisa wa benki wote wawili watauliza kama masomo yanahusiana na kazi. Ada hazimsumbui sasa. Kinachomsumbua ni saa za jioni, kwa sababu wenzake wa California huamka wakati sisi tunapakua chakula cha usiku, na mihadhara iko wakati huohuo.

Ameomba vyote viwili, chuo hapa na kazi mbili Ujerumani. Kwenye fomu ya mojawapo ya kazi hizo kulikuwa na kisanduku kilichouliza mshahara wake wa sasa. Alikiacha wazi, akaandika chini yake kwamba angependa kujua kiwango kilichotengwa kwa nafasi hiyo. Siku nne baadaye walimtumia kiwango hicho pamoja na tarehe ya mahojiano.